Nimepunguzwa kazi, nauza kiwanja na nina wapangaji: kodi ipi imekwisha na ipi bado inanisubiri?

SWALI

Habari za kazi. Nimefanya kazi kwenye kampuni moja hapa Dar es Salaam kwa miaka 14. Machi mwaka huu kampuni ilipunguza wafanyakazi, na mimi nikawamo. Mshahara wangu baada ya kutoa mchango wa NSSF ulikuwa shilingi 620,000 kwa mwezi, na haukubadilika kwa miaka sita ya mwisho. Nililipwa mshahara wa Januari hadi Machi, kisha notisi na likizo kwa pamoja 1,240,000, halafu fungu moja la 18,000,000 ambalo barua inaliita “kiinua mgongo na mkono wa kwaheri kwa utumishi wa miaka 14”. Kwenye hilo fungu wamekata 5,400,000. Mhasibu akaniambia ni asilimia 30 na hakuna la kujadili.

Baada ya hapo nimeanza kuwafungia vitabu wafanyabiashara wadogo. Mpaka Desemba nitakuwa nimelipwa 4,800,000, na wateja wote wananikata asilimia 5. Gharama zangu, yaani usafiri, bando, karatasi na kompyuta ya kukodi, zitafika 1,200,000.

Nina nyumba moja. Chumba cha mbele amepanga mwenye duka la dawa kwa 300,000 kwa mwezi, na nyuma kuna familia mbili, kila moja 150,000, wanalipa miezi sita sita. Mwenye duka ananikata 30,000 kila mwezi. Familia hazikati kitu. Mwaka huu nimeezeka upya kwa 1,500,000 na nilitaka kuitoa kwenye kodi.

Mwisho, nauza kiwanja kwa 25,000,000. Nilikinunua kwa 16,000,000, nikajenga ukuta kwa 3,400,000, na wakili pamoja na mthamini wamechukua 600,000. Risiti zote ninazo. Dalali ananishauri nizifiche niseme sina kumbukumbu, eti nitalipa asilimia 3 tu. Jirani naye anasema kiwanja cha mtu binafsi hakitozwi kabisa.

Nina hisa chache za kampuni iliyoorodheshwa soko la Dar es Salaam na akaunti ya muda maalumu benki. Je, vyote hivi nivijumlishe nivitolee kodi pamoja? Mafao yangu ya NSSF nayafuatilia mwenyewe, hayo msihangaike nayo.

*Msomaji, Mbagala*

JIBU

Dada yetu, pole kwa kupoteza kazi, na hongera kwa kutunza karatasi, kwa sababu zitakuokolea pesa nyingi.

Jibu la swali lako la mwisho ndilo ufunguo wa mengine yote: usivijumlishe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiangalii tu umepata kiasi gani, inaangalia pia pesa imetoka mlango gani. Yapo mapato ambayo kodi yake ikishakatwa pale yanapolipwa, habari imekwisha. Hayaingii tena kwenye ritani, yaani taarifa ya mapato unayowasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Yapo ambayo makato yake ni malipo ya awali tu na hesabu kamili inakuja mwisho wa mwaka. Na yapo yenye kiwango chake cha pekee, kama ardhi. Ukivichanganya utalipa mara mbili upande mmoja na kudaiwa upande mwingine.

Hizo milioni 18

Tuanze hapa kwa sababu hapa ndipo ulipopunjwa.

Kwanza, jina la malipo haliondoi kodi. Iwe kiinua mgongo, mkono wa kwaheri au zawadi ya asante, ikitoka kwa mwajiri kwa sababu ya ajira au kuisha kwake, ni pato la ajira. Mwajiri hakukosea kukata. Amekosea namna ya kukata.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kina utaratibu maalumu kwa malipo ya kupunguzwa au kuachishwa kazi yanayohusu miaka iliyokwisha zaidi ya miaka mitano nyuma. Malipo hayo yanagawanywa sawasawa kwa miaka sita: mwaka ambao ajira imekoma na mitano iliyoutangulia. Kila kipande kinawekwa juu ya mapato ya mwaka wake na kutozwa kwa viwango vya mwaka huo. Sababu yake ni ya haki kabisa. Pesa ya utumishi wa miaka mingi ikimwagwa ndani ya mwezi mmoja, inampandisha mfanyakazi wa kawaida hadi ngazi ya juu ya kodi ambayo hajawahi kuifikia maishani mwake. Kiinua mgongo cha miaka 14 kinaingia humo, na ndiyo maana yale maneno “kwa utumishi wa miaka 14” kwenye barua yako yana thamani kubwa. Barua isingesema ni ya miaka gani, ungekuwa na kazi ngumu zaidi.

Notisi na likizo hazigawanywi. Hizo ni za mwaka huu huu.

Sasa hesabu. Tunatumia viwango vilivyoanza Julai 2021, tukivitazama kwa mwaka mzima: 3,240,000 za kwanza hazitozwi, kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8, hadi 9,120,000 ni asilimia 20, hadi 12,000,000 ni asilimia 25, zinazozidi ni asilimia 30. Kama miaka yako sita inagusa kipindi cha kabla ya Julai 2021, ofisa atatumia viwango vya wakati ule kwa vipande hivyo, kwa hiyo tarajia tofauti ndogo na namba za hapa.

Milioni 18 gawanya kwa sita ni 3,000,000 kila mwaka. Mshahara wako wa mwaka ulikuwa 7,440,000. Ukiongeza 3,000,000 unafika 10,440,000. Kati ya hizo milioni tatu, 1,680,000 zinaangukia kwenye asilimia 20, kodi 336,000. Na 1,320,000 zinaangukia kwenye asilimia 25, kodi 330,000. Jumla 666,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano iliyotangulia ni 3,330,000.

Mwaka huu wa kuacha kazi uko tofauti, na wengi wanausahau. Umepata mshahara wa miezi mitatu tu, 1,860,000, na notisi na likizo 1,240,000. Jumla 3,100,000, bado uko chini ya kiwango kisichotozwa. Ukiongeza kipande cha 3,000,000 unafika 6,100,000, na kodi yake ni asilimia 8 ya 2,860,000, yaani 228,800.

Kwa hiyo kodi ya fungu lote ni 3,558,800. Umekatwa 5,400,000. Tofauti ni 1,841,200, na ni pesa yako. Zaidi ya hapo, kila mwezi wa Januari hadi Machi mwajiri alikukata kodi ya mshahara akidhani utafanya kazi mwaka mzima. Kwa 620,000 makato ni 40,000 kwa mwezi. Hizo 120,000 nazo, pamoja na chochote kilichokatwa kwenye notisi na likizo, zinahesabika kama ulizokwisha lipa.

Kuna jambo tungependa wasomaji wenye mishahara mikubwa walijue kabla hawajaanza safari hii. Kama mshahara wako wa mwaka ulikuwa tayari umevuka 12,000,000 kwa miaka yote sita, kugawanya hakukupunguzii kitu kwa miaka iliyotangulia, maana kila kipande kitakutana na asilimia 30 vilevile. Faida yako itabaki kwenye mwaka wa kuacha kazi peke yake.

Anza kwa mwajiri. Mwandikie barua, siyo simu, ukiomba akokotoe upya PAYE (kodi ya ajira inayokatwa na mwajiri) ya malipo ya mwisho kwa kugawanya miaka sita na arekebishe ritani yake ya mwezi ule. Omba pia akupe mchanganuo unaotenganisha notisi, likizo, kiinua mgongo cha kisheria na mkono wa kwaheri. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu yake inakomea miaka 10. Miaka yako minne inayozidi haiongezi kitu kwenye hicho, hata kama mwajiri ameiongeza kwa hiari yake kwenye mkono wa kwaheri. Mwajiri akikataa au akinyamaza, nenda ofisi ya TRA ulikosajiliwa TIN yako (namba ya mlipakodi) na barua ya kuomba kurejeshewa kodi iliyozidi. Ambatisha barua ya kupunguzwa kazi, mchanganuo wa malipo, slipu za mshahara za miaka sita na uthibitisho wa PAYE iliyokatwa. Maombi mengi hukwama kwenye slipu. Mtu anakuja na za mwaka wa mwisho tu, na ofisa hawezi kujua kipande cha miaka minne nyuma kinaanzia ngazi gani. Kama huna zote, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia pamoja na taarifa ya michango ya NSSF hujenga picha ile ile.

Kufunga vitabu: asilimia 5 si mwisho

Hapa ndipo watu wanapodaiwa bila kutarajia. Ile asilimia 5 wanayokukata wateja kwa huduma ya kitaalamu ni kodi ya zuio, lakini si ya mwisho. Ni malipo ya awali tu. Faida yako inaungana na pato la ajira la mwaka huu.

Umelipwa 4,800,000, toa gharama 1,200,000, faida 3,600,000. Iweke juu ya ile 6,100,000 ya hapo juu: unafika 9,700,000. Kodi ya mwaka kwa kiasi hicho ni 961,000. Ukitoa 228,800 tuliyokwisha ihesabu kwenye kiinua mgongo, kazi hii imekuongezea 732,200. Wateja wamekukata 240,000. Zinabaki 492,200 za kulipa.

Hizo 240,000 utazipata kwenye hesabu iwapo tu una hati ya kodi ya zuio ya kila mteja. Daftari lako halitoshi. Mteja aliyekukata bila kuwasilisha TRA amekuachia tatizo, kwa hiyo dai hati kila mwezi unapolipwa, usingoje Desemba. Gharama nazo ziwe na risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki, kila inapowezekana. Kompyuta ya kukodi bila risiti wala mkataba itakataliwa.

Usishawishike kujiingiza kwenye utaratibu wa wafanyabiashara wadogo wanaolipa kwa mauzo. Huduma za kitaalamu, uhasibu ukiwemo, haziruhusiwi humo. Unatakiwa uwasilishe makadirio ya kodi na kulipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa kuwa umeanza katikati ya mwaka, awamu zako ni zile zilizobaki. Ritani kamili ya mwaka inawasilishwa kabla ya kwisha Juni 30 ya mwaka unaofuata. Ungekuwa na mshahara peke yake usingehitaji ritani; kazi hii ndiyo inayokulazimu, na ndiyo itakayokupa nafasi ya kuonyesha ulichokatwa zaidi.

Nyumba

Kodi ya pango kwa mtu binafsi mkazi ambaye hafanyi upangishaji kama biashara ni asilimia 10 ya pango lote, na ni ya mwisho. Nyumba yako moja iko hapo. Mwenye duka la dawa anafanya sawa kukata 30,000. Pokea hati yake, weka kwenye faili, basi. Pango hilo haliingii kwenye ritani na halikusukumi ngazi ya juu.

Upande wa pili wa wepesi huo ni kwamba hakuna gharama inayotolewa. Bati zako za 1,500,000 haziwezi kupunguza kodi ya pango, wala usizipenyeze kwenye gharama za kufunga vitabu. Ofisa akiona bati kwenye gharama za mhasibu atatilia shaka hata zile risiti zilizo halali. Zitunze kwa sababu nyingine: siku ukiuza nyumba, matengenezo yaliyoongeza thamani yake yataingia kwenye gharama ya mali.

Familia za nyuma kutokukata hakujafuta kodi. Ni kodi juu ya pato lako, mpangaji ni mpitishaji tu, na isipokatwa wewe unabaki unadaiwa. Familia moja ikilipa miezi sita, yaani 900,000, kodi ni 90,000, na inatakiwa ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kwisha. Kwa familia mbili kwa mwaka ni 360,000. Omba namba ya malipo kwa TIN yako, lipa benki au kwa simu. Na tafadhali usiwaongezee wapangaji hiyo asilimia 10 kwa maelezo kwamba “ni kodi ya mpangaji”. Siyo yao. Ukitaka kupandisha pango, pandisha kwa makubaliano na liandikwe kwenye mkataba. Na jua kwamba asilimia 10 itahesabiwa kwenye hilo pango jipya.

Kiwanja

Jirani amechanganya mambo mawili. Unafuu upo kwa makazi binafsi: nyumba uliyoimiliki mfululizo miaka mitatu au zaidi na kuishi humo kwa jumla ya miaka isiyopungua mitatu, ilimradi faida ya kuiuza haizidi 15,000,000. Faida ikizidi hapo hata kidogo, unafuu wote unaondoka na faida nzima inatozwa, siyo ile ziada peke yake. Upo pia kwa shamba lenye thamani ya soko chini ya 10,000,000 lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho. Kiwanja chenye ukuta cha milioni 25 hakimo kwenye lolote kati ya hayo.

Kodi yako ni ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na hulipwa kwa awamu moja kabla ya umiliki kuhamishwa. Msajili hatahamisha hati bila cheti cha TRA kuonyesha kodi imelipwa. Faida yako: 25,000,000 toa 16,000,000, toa 3,400,000, toa 600,000. Zinabaki 5,000,000. Kodi 500,000.

Sasa ushauri wa dalali. Kiwango cha asilimia 3 kipo, kwa ajili ya asiye na kumbukumbu za gharama. Lakini kinakokotolewa kwenye bei yote ya kuuzia au thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Asilimia 3 ya 25,000,000 ni 750,000. Angekuongezea 250,000, na mthamini akiandika thamani ya 30,000,000 ingekuwa 900,000. Zaidi ya hasara hiyo, kusema huna kumbukumbu ilhali unazo ni kutoa taarifa ya uongo kwa mamlaka ya kodi, kosa lenye adhabu yake. Tunalisema hili hata kwa yule ambaye hesabu ingempendelea, maana ipo: faida ikizidi asilimia 30 ya bei, asilimia 3 inakuwa ndogo kuliko asilimia 10 ya faida. Kiwango hicho hakikuwekwa ili mtu achague kinachompendeza.

Wala usikubali kuandika bei ndogo kwenye mkataba. TRA huipima bei dhidi ya thamani ya soko, na ikiiona ni ya chini mno hutumia thamani. Mnunuzi naye atakuwa amejichimbia shimo, kwa sababu bei iliyoandikwa leo ndiyo gharama yake siku atakapouza.

Peleka mkataba wa mauzo, hatimiliki, mkataba wa ulivyonunua, risiti za ukuta, stakabadhi za wakili na mthamini, na ripoti ya uthamini. Risiti ya fundi iliyoandikwa kwa mkono bila jina kamili wala maelezo ya kazi hupata taabu. Kama unazo za namna hiyo, ambatisha na za saruji, tofali na nondo za tarehe zile zile.

Hisa na benki

Gawio la kampuni iliyoorodheshwa soko la Dar es Salaam hukatwa asilimia 5, na la kampuni isiyoorodheshwa asilimia 10. Riba ya akaunti yako ya muda maalumu hukatwa asilimia 10 na benki. Vyote viwili kwako ni vya mwisho. Pesa iliyoingia kwenye akaunti tayari ni safi, usiiandike kwenye ritani.

Uanze wapi

Barua kwa mwajiri iende wiki hii. Mhasibu akibadilisha kazi kabla hajaijibu, utaanza upya na mgeni asiyejua chochote. Kodi ya familia mbili ilipe ukianza na miezi ambayo tayari imepita, kwa kuwa riba ya ucheleweshaji inaendelea kuhesabiwa. Kiwanja kitangoja mpaka mnunuzi awe tayari, lakini usimkabidhi hati wala kuchukua malipo ya mwisho kabla cheti cha TRA hakijatoka, na muandike kwenye mkataba kwamba kodi hiyo ni ya muuzaji ili isije ikageuka ugomvi siku ya kuhamisha.